Unataka Kufungua Biz? Hizi Ndio Karatasi na Doo Utaitishwa

Umesave, umepata kibanda karibu na stage, na mbogi imeanza kukuita bosi. Fiti. Lakini kabla upake rangi, jua karatasi zenye utaitishwa. Usipojua bei, kuna msee atakuuzia hata vitu za bure.

Mimi nilikulwa hivyo. Jamaa wa saiba aliniitisha ngiri nne kusajili jina la kinyozi yangu. Kumbe kwa eCitizen ni karibu 1,000! Mbaya zaidi, alifungua akaunti na namba yake ya simu. Kila nikitaka cheti, ni mimi kumtafuta. So fungua akaunti na simu yako, na ulipe mwenyewe kwa paybill 222222.

Jina ama kampuni?
Kama uko solo, jina la biashara linatosha. Lakini cheki hapa: biz ikishikwa na deni, wanakukujia wewe, hadi TV ya kwako. Kampuni inatenganisha mali yako na ya biz, ila kusajili ni karibu 10,700, na kila mwaka lazima upeleke ripoti hata kama hujauza kitu.

KRA
PIN ni bure. Usilipe mtu. Mauzo yakipita milioni 1 kwa mwaka na hayajapita milioni 25, kuna ushuru wa 3%. Hiyo ni ya mauzo, si faida. Ukiuza vitu za laki mbili kwa mwezi, unatoa 6,000 hata kama faida yako ilikuwa ya kununua unga tu. Iweke kwa bei mapema.

Permit ya kaunti
Hapa ndio wengi huangukia. Cheti cha jina si permit! Cheti kinasema jina ni lako. Permit ndio inakuruhusu kufungua mlango. Inalipwa kila mwaka, na bei inategemea kaunti, aina ya biz, ukubwa na mahali uko. Kibanda cha mtaa na duka ya tao haziwezi kuwa bei moja. Uliza kaunti kabla ulipe deposit ya nyumba, juu kanjo wakikuja hawataki stori.

Za kando
Unauza chapo ama smokie? Kila mtu anashika chakula anahitaji cheti cha afya, na kinarudiwa kila miezi 6. Unapiga ngoma kuita wateja? Muziki pia una leseni yake.

Sasa chukua karatasi, andika hizi zote na bei zake, halafu ujumlishe na rent ya miezi mitatu. Doo ikitosha, fungua. Ikikosa kutosha, anza kidogo mahali permit ni rahisi. Heri uchelewe mwezi mmoja kuliko kufunguliwa na mbogi na kufungwa na kanjo wiki hiyo hiyo.