Baiskeli Msituni Karura: Breki ya Mapema Hulinda Mwendeshaji na Udongo

Mwendeshaji baiskeli anayeingia katika Msitu wa Karura, jijini Nairobi, huanza safari yake kwenye barabara pana ya udongo iliyofunikwa na kivuli cha miti, na huenda akadhani kwamba kazi iliyo mbele yake ni nyepesi. Dhana hiyo hutoweka pindi njia inapokuwa nyembamba na kuteremka kuelekea bonde la mto. Hapo mizizi hukatiza njia, majani makavu huficha mashimo, na kona hujitokeza ghafla nyuma ya vichaka. Sehemu hizo ndizo zinazowavutia wapenzi wa mchezo huu. Ndizo pia zinazoleta majeraha, na ndizo zinazoharibika upesi, iwapo baiskeli itaendeshwa bila maarifa.

Karura, wenye ukubwa wa takriban hekta 1,000, ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kuendelea kuwapo kwake katikati ya jiji linalopanuka hakukuja kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1990, sehemu za msitu huo ziligawiwa watu binafsi kwa ajili ya ujenzi. Mnamo Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti ili kupinga ugawaji huo. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ikafungua mlango kwa jamii kushiriki katika usimamizi wa misitu ya umma. Kwa hiyo, njia anayoipita mwendeshaji leo ni amana iliyogharimu jasho na damu.

Kupunguza mwendo kabla ya kona

Kosa linalowapata wengi ni kuingia kwenye kona kwa kasi kisha kubana breki kwa hofu. Gurudumu la nyuma hukwama na kuburuzika, na mwendeshaji hupoteza uwezo wa kuielekeza baiskeli. Papo hapo, tairi hulima udongo na kuacha mfereji. Mvua inapokuja, maji hufuata mfereji huo, huupanua, na kuubeba udongo hadi mtoni. Alama ya sekunde moja yaweza kugeuka kuwa korongo kabla msimu haujaisha.

Tiba ya madhara hayo mawili ni moja: mwendo upunguzwe mapema, njia ikiwa bado imenyooka. Breki zote mbili zitumike kwa upole na kwa pamoja. Ya mbele ina nguvu zaidi ya kusimamisha, kwa kuwa uzito huelekea mbele baiskeli inapopunguza mwendo. Lakini ikibanwa kwa ghafla mteremkoni, humrusha mwendeshaji juu ya usukani. Ndani ya kona, breki ziachiliwe na macho yatazame mahali njia inapotokea, kwa maana baiskeli huelekea kule macho yanakoelekea.

Mkao wakati wa kuteremka

Kwenye mteremko, mwendeshaji hainuki tu kutoka kitini, bali husimama juu ya pedali, zote mbili zikiwa katika kimo kimoja ili zisigonge mizizi. Viwiko na magoti hukunjwa kidogo, nayo makalio husogezwa nyuma kadiri mteremko unavyozidi kuwa mkali. Kukishusha kiti kabla ya kuanza kuteremka hurahisisha mkao huo.

Mzizi uvukwe kwa kuukatiza moja kwa moja, si kwa kuupitia kwa mshazari, na breki zisibanwe tairi likiwa juu yake. Mzizi uliolowa huteleza kama sabuni. Panapohitajika kupanda, gia nyepesi ichaguliwe kabla ya kufika kwenye mwinuko, kwani kuibadilisha huku ukikanyaga pedali kwa nguvu huweza kung'oa au kukata mnyororo.

Baada ya mvua

Udongo mwekundu wa mfinyanzi unaotapakaa Nairobi una tabia mbili. Ukikauka, hutoa vumbi laini linaloteleza. Ukilowa, hunata kwenye magurudumu hadi yakashindwa kuzunguka. Katika msimu wa mvua za masika na za vuli, kipimo ni rahisi: tairi likiacha alama ya kina, njia hiyo haiko tayari, na ni busara kurejea kwenye barabara pana.

Dimbwi nalo lisizungukwe. Kila anayelikwepa hukanyaga miche iliyo kando, na baada ya majuma machache njia ya upana wa hatua moja huwa pana kama ya gari. Ni heri kushuka na kuisukuma baiskeli katikati ya njia. Njia za mkato kwenye kona zina madhara hayo hayo, kwa kuwa huyapa maji njia iliyonyooka ya kushuka kwa kasi.

Haki ya wengine

Karura ni msitu wa watembea kwa miguu, wakimbiaji na familia zenye watoto, na pia makazi ya kima, mbega na pongo. Mwendeshaji anatakiwa kubaki kwenye njia zilizoruhusiwa kwa baiskeli, kupiga kengele mapema, na kumpisha anayetembea. Anayeteremka humpisha anayepanda.

Kofia ya kinga ivaliwe ikiwa imekaa sawa juu ya paji la uso, na ibadilishwe iwapo imepata pigo kubwa, hata kama ufa hauonekani. Makutano ya njia msituni yana vibao vyenye nambari. Ni vyema kuikumbuka nambari ya mwisho uliyoipita, kwani ajali ikitokea, ndiyo itakayowaelekeza waokoaji.

Anayetoka Karura salama, bila kuacha mfereji nyuma yake, ameonyesha umahiri mkubwa kuliko yule aliyeteremka kwa kasi zaidi. Njia atakayoikuta mwendeshaji wa kesho hutegemea breki ya leo.