Amonia, ziwa letu, na ndoo ya maji yenye klorini

Kila aliyeingia choo kilichojaa anajua harufu ile inayochoma pua hadi machozi. Ni amonia. Inatoka hasa kwenye mkojo, vijidudu vinapovunja urea iliyomo. Ikiingia majini kwa wingi huharibu matamvua ya samaki, na kuwaua.

Ndani ya amonia mna nitrojeni, gesi ileile iliyo asilimia 78 ya hewa tunayovuta na isiyotudhuru. Kuitoa humo kunahitaji kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kuisha. Viwandani hutumia madini kama platini na shaba, pamoja na oksijeni na joto kali. Hapa Baraka hatuna mitambo hiyo.

Ziwa Tanganyika, hata hivyo, lina vichocheo vyake. Kina chake kinafika mita 1,470, na sehemu kubwa ya maji ya chini haina oksijeni kabisa. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kwamba, kwenye mita 100 hadi 110, kuna bakteria wanaounganisha amonia na nitriti, kisha wanatoa nitrojeni na maji. Hawahitaji moto wala platini. Kichocheo chao ni vimeng'enya vya mwilini mwao. Mimi niliyesoma theolojia, si kemia, habari hiyo niliisoma mara mbili.

Basi mtu atasema ziwa linajisafisha lenyewe. Hapana. Kazi hiyo iko mbali kilindini, na sisi tunachota ukingoni, palepale panapoteremka maji ya vyoo na ya mifugo mvua ikinyesha. Tena bakteria hao hawaui kipindupindu, ugonjwa ambao familia za Fizi na Baraka wanaujua vizuri mno.

Hapa amonia inatugusa kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Klorini ikitiwa katika ndoo ya maji yenye amonia, huungana nayo kwanza. Inayobaki ni dawa dhaifu, inayoua vijidudu polepole sana. Mama ametia kipimo kilekile cha jana, amesikia harufu ya dawa, na bado watoto wanakunywa maji yasiyo salama. Kwa hiyo tuchote mbali na mifereji ya vyoo, na baada ya kutia dawa tungoje dakika 30 kabla ya kunywa. Mhudumu wa afya akiwa na kifaa cha kupima klorini iliyobaki, mashemasi wamwombe apime ndoo za nyumbani pia, si za kituoni tu.

Kuhusu mkojo wenyewe, kwa maoni yangu kuugeuza hewa ni hasara kwa mkulima. Nitrojeni ile ni mbolea. Ukusanywe peke yake katika bidoni iliyofungwa vizuri, ukae mwezi mmoja, uchanganywe na maji mara tatu hadi tano, kisha umwagwe udongoni kando ya shina la muhindi na kufukiwa, mbali na kisima na mbali na ziwa.