Kijana wa fildi si wakili wa ukoo

Mwaka wa masomo ukiisha na wanafunzi wa sheria wakasambaa kwenye ofisi za mawakili, swali ni lile lile, iwe Tandika au Tunduma: kijana wetu yuko fildi kwa wakili, si anaweza kutuandikia mkataba wa kiwanja? Hawezi. Hata kama ofisi ni kubwa, hata kama msimamizi wake anamsifu, hata kama chuoni amejaza A tupu. Na afadhali anayeuliza. Wengine wanamkalisha sebuleni, wanamtengea chai, wanamkunjia elfu kumi kiganjani, na kufikia jioni ukoo una mwanasheria wake.

Ndani ya swali hilo kuna imani kwamba uwakili unapatikana kwa kukaa karibu na wakili. Basi tutazame kijana anafanya nini huko. Anapanga majalada, anapeleka nyaraka masjala ya mahakama, anakaa viti vya nyuma akisikiliza shauri likiahirishwa, anatafuta hukumu za zamani. Akipata msimamizi mwenye moyo, anarasimu barua inayorudi nusu yake imefutwa kwa kalamu nyekundu. Kalamu hiyo ndiyo fildi yenyewe, maana hapo ndipo anapoona alichodhani anakijua. Mkataba wa sebuleni haujapita chini ya kalamu hiyo. Kutoka hapo mpaka uwakili njia bado ni ndefu: amalize shahada, apite Shule ya Sheria kwa Vitendo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, aombe kukubaliwa, aapishwe mbele ya Jaji Mkuu, jina liingie kwenye orodha ya mawakili, kisha ahuishe leseni yake kila mwaka. Aliyefaulu Shule ya Sheria akiwa hajaapishwa bado si wakili. Sasa huyu wa fildi ya wiki nane amepitia wapi?

Ubaya wa karatasi ya kishoka, yaani asiye wakili anayefanya kazi ya wakili, ni kwamba siku ya kusainiwa haionekani mbovu. Ina kichwa cha habari, ina mashahidi, ina maneno mazito aliyoyanakili kwenye jalada la mteja mwingine, jambo ambalo lenyewe ni kuvunja siri ya ofisi. Kinachokosekana ni maswali ambayo hayakuulizwa. Muuzaji ana mke au mume, na nyumba inayouzwa ndiyo wanayoishi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza, na bila hiyo mnunuzi amenunua kesi. Kiwanja ni cha marehemu? Basi anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, au ni mtoto mmoja tu mwenye haraka? Kiwanja kina hati? Karatasi ya mauziano peke yake haibadilishi jina kwenye daftari la msajili. Kwenye kesi ni vilevile. Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda mahakama ya wilaya ina siku 30, na siku hizo huyeyuka wakati kijana anaandika "barua ya malalamiko" kwenda kwa ofisa ambaye hana mamlaka hata chembe juu ya hukumu.

Husemwa kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo anayejua kusoma anajitosheleza. Ni mageuzi mazuri yaliyochelewa mno, lakini lugha inakufungulia kifungu, haikwambii ni kifungu gani kingine kinakibatilisha. Husemwa pia kwamba kijana anamsaidia shangazi yake tu. Kumsomea shangazi barua ya wito na kumsindikiza ofisini ni msaada, na afanye hivyo. Akipokea malipo kwa kuandaa hati ya mali au nyaraka za kesi, Sheria ya Mawakili inamhesabu kuwa mkosaji, na doa hilo litamsubiri siku atakapoomba kuapishwa. Hoja yenye uzito ni ya tatu: mawakili ni ghali. Ni kweli, na ofisi zetu za mawakili zina lawama hapa. Wiki ya Sheria inapofika tunafunga turubai, tunagawa fulana, tunawaweka vijana wa fildi mbele wajibu watu peke yao huku wenye leseni wakipiga picha nyuma. Mwananchi anaondoka akiamini ameongea na wakili, na kijana anaondoka akiamini vivyo hivyo. Kwa namna hiyo tunafuga vishoka kwa mikono yetu.

Asiye na fedha anazo njia halali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa: wanaelekeza bure, na hawasimami mahakamani kwa niaba yako. Nenda Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, nenda TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, nenda kamati ya msaada wa kisheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au subiri Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ikifika wilayani kwako, ila kama una rufaa usisubiri chochote. Kijana naye adai msimamizi mwenye jina, afunzwe kusikiliza, kutunza siri na kumpeleka mtu kwa anayehusika kabla muda haujapita. Mwenye ofisi amwandikie tangu siku ya kwanza mambo asiyoruhusiwa kufanya. Na wewe unayetaka kulipa, ingia kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, tafuta jina la huyo anayejiita wakili. Lisipoonekana, usimpe hata shilingi.