Mboga zinazojiotea katika mashamba ya Unyambwa

Singida ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, kisha ardhi hukaa kavu zaidi ya nusu mwaka. Unyambwa, moja ya kata za Manispaa ya Singida, imo katika ukame huo. Wakulima hupanda uwele, mtama, mahindi na alizeti, lakini mboga ya kwanza kufika jikoni haikupandwa na mtu. Ni mlenda na mgagani, iliyochipua yenyewe katikati ya mazao.

Wakati wa palizi, mpaliliaji mzoefu hang'oi kila kisicho uwele. Mche wa mlenda huzungukwa kwa jembe na kuachwa; ulio mbali kidogo na zao hunenepa na kuchumwa majani wiki baada ya wiki. Kwa familia ya Kinyaturu, wenyeji wa Singida, kulima na kuokota chakula ni kazi moja, na shamba moja linatoa ugali pamoja na kitoweo chake. Ndiyo maana dawa ya kuua magugu ni hasara isiyoandikwa popote: inaokoa siku za palizi, lakini inafuta mboga ya nyumba nzima.

Mgagani hujiotea, lakini unastahili kupandwa pia, hata karibu na banda la kuku. Ni mmea unaotumia maji kwa uangalifu na kulimudu jua kali, na huanza kuchumwa wiki 4 hadi 6 baada ya kuota. Siri yake ni kukata ncha mapema: hutoa matawi mengi na kuchelewa kuchanua. Mbegu zilizovunwa karibuni mara nyingi hugoma kuota, hivyo zihifadhiwe miezi kadhaa kabla ya kupandwa.

Kazi kubwa, hata hivyo, iko kwenye kuanika. Majani ya mlenda huchambuliwa, huanikwa mpaka yavunjike mkononi, hutwangwa kwenye kinu na kuchekechwa hadi yawe unga. Wakati wa kiangazi, konzi moja ya unga huo hutiwa kwenye maji yanayochemka na kupekechwa, na mboga imeiva kabla ugali haujasongwa.

Mahali pa kuanikia pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Jua la moja kwa moja huharibu karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kivulini penye upepo, juu ya mkeka au chekecheke iliyoinuliwa, hubaki nyingi zaidi. Magadi nayo hulainisha mboga haraka, ila huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, kwa hiyo chembe kidogo inatosha. Karanga zilizotwangwa au mafuta ya alizeti, ambayo Singida inasifika kwayo, huusaidia mwili kufyonza karotini iliyosalia.

Vitamini C ndiyo isiyookolewa. Hupotea kwenye kuanika, ikapotea tena kwenye chungu, na bila hiyo mwili hupata shida kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye uwele na mboga za majani. Upungufu wa chuma ni moja ya sababu kuu za upungufu wa damu kwa wajawazito na watoto wadogo, kwa hiyo hili si jambo la pembeni.

Pori la Tanzania ya kati lina jibu, na hulitoa msimu uleule wa ukame. Mibuyu na mikwaju hukomaza matunda wakati mashamba yamekauka. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito sawa, na hukaa vizuri ndani ya ganda lake bila jokofu. Ukorogwe kwenye uji wa uwele baada ya kuepuliwa na kupoa kidogo, usichemshwe pamoja nao, au unywewe kama juisi na mlo wa mlenda mkavu. Chai isubiri angalau saa moja baada ya kula, kwa sababu huzuia chuma hichohicho kufyonzwa.