Kijiko cha Bibi, na Masomo Tuliyoyaacha Njiani



Jumamosi iliyopita, tulipomaliza kuhesabu makuta ya likelemba, hatukutawanyika upesi kama kawaida, kwa maana mvua ilitufungia ndani. Bibi mmoja mzaliwa wa Mwenga, yule ambaye wengi wetu tunanunua sombe kwake, alifungua fundo la kikwembe chake. Tulidhani anatafuta feza. Akatoa kijiko kidogo cha mfupa, kimekuwa chekundu kwa uzee na kinang'aa kwa mafuta ya miaka mingi. Akasema: "Hiki tu ndicho kilichobaki. Vingine vilichomwa."

Akatusimulia. Binti yake alikuwa anatafuta mtoto. Kwenye chumba cha maombi alichoingia, aliambiwa kwamba mkoba wa mama yake, wenye vitu vya Bwami, ndio unaofunga tumbo lake. Wakaja watu na kiberiti. Mkoba ukachomwa uani, bibi akiwa amesimama mlangoni. Mtoto hajapatikana mpaka leo, na mama na binti hawali tena kwenye sahani moja.

Tulinyamaza wote. Ndipo tukaona kwamba hata sisi walimu, tunaofundisha watoto majina ya mito ya Ulaya, tusingeweza kueleza vizuri ni kitu gani kilichochomwa pale. Kwa hiyo tumeuliza wazee, tumesoma, na leo tunawaletea tulichopata.

Bwami ya Warega si ubwami wa Bushi, msichanganye. Kule Bushi mwami ni mfalme. Warega, watu wa Mwenga, Shabunda, Pangi na misitu ya jirani, hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Walichokuwa nacho ni chama cha mafundisho, chenye ngazi. Wanaume walikuwa na ngazi tano, ya juu kabisa ikiitwa kindi. Wanawake walikuwa na ngazi tatu: bombwa, bulonda, na bunyamwa. Mtu hakuzaliwa ndani ya ngazi. Aliipanda, moja baada ya nyingine, kwa miaka, na ndugu zake wakimsaidia kutafuta mali ya sherehe. Tena haikutosha kuwa na mali. Mwenye hasira, mgomvi, mwenye ulimi usiotulia, aliweza kuachwa pale chini hata kama ana mbuzi wengi.

Siku hizi mabango ya mikutano ya uamsho yamejaa kila barabara, na sisi wenyewe tunakwenda. Wazee wale nao walijua kwamba binadamu analala na anaweza kuamka. Ila kwao kuamka hakukuwa jambo la usiku mmoja, wala la kupiga kelele. Waliamini kwamba wema unafundishwa, unarudiwa, unaonekana polepole katika namna ya kukaa, kula, kusikiliza na kujizuia. Aliyefika kindi alijulikana kwa utulivu wake. Katika Kilega neno la kuwa mwema na la kuwa mzuri wa kutazama ni lile lile moja, busoga. Sisi tunayatenganisha, tunasema fulani ni mzuri lakini roho yake mbaya. Kwao sentensi hiyo ilikuwa ngumu kutamka!

Na walifundisha namna gani? Hapa ndipo sisi walimu tulishangaa. Tulipokuwa ISP tulikaririshwa kwamba somo jema linaanzia kwenye kitu ambacho mtoto anaona na kushika. Tulidhani ni mambo ya vitabu vya wazungu. Kumbe msituni kule mwalimu wa Bwami alitoa kitu kimoja kutoka mkobani: sanamu ndogo ya pembe ya ndovu, au mdomo wa ndege, kombe, kucha, jani tu. Akakiweka mbele ya watu. Kisha wimbo, mchezo wa kucheza, na methali. Kitu kile kile, kikiletwa pamoja na methali nyingine, kilibeba somo lingine. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kukitazama mara moja na kusema amemaliza. Kuna sanamu ya mtu mwenye vichwa vingi, inaitwa Sakimatwematwe. Inamwonyesha mzee anayetazama pande zote kabla ya kukata neno. Mama anayeamua ugomvi wa watoto wawili anamhitaji huyo kila jioni.

Au chukua kakakuona mkubwa. Warega walikatazwa kumwinda. Walisema ndiye aliyewaonyesha kuezeka nyumba, kwa maana magamba yake yamelala moja juu ya jingine kama majani ya paa. Mvua inapita juu, ndani pakavu. Akikutwa amekufa, nyama yake haikuliwa na aliyemwokota peke yake, iligawanywa kwa utaratibu wa Bwami. Leo kakakuona huyo huyo anauzwa magamba kwa wafanyabiashara, na katika nchi nyingi amekaribia kwisha.

Tuje kwetu wanawake. Mwanaume hakuweza kufika ngazi za juu peke yake. Ilibidi mke wake aingie bunyamwa, na akishaingia aliitwa kanyamwa, naye mumewe hakuweza kumtupa kama kikwembe kilichopasuka. Wangapi kati yetu wana ulinzi kama huo, hata wenye karatasi ya ndoa ya serikali?

Tusidanganyane lakini. Sherehe zilikula mali, na maskini asiye na ndugu alibaki nje. Wanaume walikuwa na ngazi nyingi kuliko wanawake, na mke alipanda akimfuata mume. Iko pia sanamu ya mwanamke mwenye mimba, Wayinda, inayofundisha kwamba uzinzi wa mama unaharibu mtoto tumboni. Tuliposoma hayo tuliuliza: na uzinzi wa baba, sanamu yake iko wapi? Bibi wetu alicheka sana tulipomwuliza. Akasema wanaume ndio waliokuwa wanachonga.

Basi ilipoteaje hekima yote hiyo? Haikupotea yenyewe. Wabelgiji waliogopa watu wanaokusanyika na kufundishana bila ruhusa yao, na mwaka wa 1948 serikali ya ukoloni ilikataza Bwami kabisa. Wamisionari wengi waliiita uchawi. Vitu vikafichwa, vikauzwa, vikachukuliwa. Miaka ya 1950 mtafiti mmoja Mbelgiji, Daniel Biebuyck, alikaa na Warega, akasikiliza wazee, akaandika methali kwa mamia, na mwaka wa 1973 akatoa kitabu kikubwa juu yao. Alieleza kwamba moyo wa Bwami ulikuwa mafundisho ya tabia njema, haukuwa kuabudu miungu. Kitabu kiko kwa Kiingereza. Sanamu nyingi ziko Tervuren huko Ubelgiji na katika nchi nyingine. Mwaka wa 2001 Los Angeles ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Walega. Watoto wa Amerika walipelekwa kutazama, na watoto wa Kamituga wako kwenye mashimo ya dhahabu.

Yule mzungu wa makumbusho analinda kitu, hilo ni kweli. Lakini kitu bila methali yake ni mfupa tu. Methali ziko kwa mabibi, na mabibi wanaondoka. Mwezi uliopita tuliwaomba wanafunzi wetu wa darasa la tano walete neno moja la hekima kutoka kwa bibi au babu, pamoja na maana yake. Wengi walirudi mikono mitupu. Mmoja alisema bibi yake anasema Kilega na yeye hakisikii. Mwingine alisema mama alimkataza, akaogopa "mambo ya mizimu". Huyo mama ni mwenzetu, tunasali naye, na hatumlaumu. Alifundishwa kuogopa, kama sisi tulivyofundishwa.

Hatusemi turudishe ngazi, wala mikoba, wala siri. Sisi ni Wakristo, na baadhi yetu ni Waislamu, tunajua tunamwabudu nani. Lakini kuuliza bibi namna walivyomfundisha mtoto kutopiga mwenzake, hiyo si dhambi. Katika mkoa wetu uliozoea bunduki, kuna watu waliokuwa na masomo ya miaka mingi kwa ajili ya kumfundisha mwanaume kutulia. Vijana wetu wa kiume wanafundishwa wapi somo hilo leo?

Siku ile ya mvua tulimpa kijiko msichana wa mwenzetu mmoja, ana miaka kumi na mbili. Bibi akamwuliza: unaona nini? "Kijiko." Tazama tena. "Kijiko cha zamani." Tazama tena. Msichana alikigeuza geuza, kimya, muda mrefu kuliko tulivyowahi kumwona akikaa kimya darasani. Mwishoni akasema: "Kinalisha watu, chenyewe hakili." Bibi akampiga bega kwa furaha, akasema lipo hilo, na yapo mengine, arudi.

Binti wa bibi alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango. Hatukujua kama amekuja kwa ajili ya mvua au kwa ajili ya mama yake. Mvua ilipokatika alichukua kapu la sombe la bibi, akalibeba kichwani, wakatoka pamoja bila kusemezana.

Jumamosi ijayo, baada ya likelemba, bibi atakaa nasi tena. Njooni na wasichana wenu, na wavulana pia. Kila mtoto aje na daftari na kalamu, kwa maana bibi atasema kwa Kilega, na mama mmoja wa Shabunda atatafsiri kwa Kiswahili. Ameomba pia chupa ndogo ya mawese, ya kupaka kijiko.