Kuziba mteremko wa ukingo kwa gari ni kosa, hata pasipo na kibao

WAENDESHAJI magari wengi huamini kwamba palipo na nafasi kando ya barabara, na hapana kibao cha kukataza, basi hapo ni maegesho. Imani hiyo ina hatari, hasa panapohusika mteremko wa ukingo, yaani sehemu ambako ukingo wa barabara umeshushwa ili kiti cha magurudumu kipande njia ya waendao kwa miguu, au gari liingie na kutoka uani.

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2004 kuhusu usimamizi wa trafiki inataja miteremko hiyo waziwazi na kukataza kuegesha mbele yake, ingawa mwenye nyumba anaweza kuruhusu gari likae mbele ya lango lake mwenyewe.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, hailitaji jambo hilo kwa jina. Hata hivyo, kifungu cha 53 kinakataza kuacha gari mahali popote barabarani linapozuia, au kuwatia taabuni na hatarini, watumiaji wengine. Sheria hiyo hiyo huwahesabu waendao kwa miguu kuwa sehemu ya trafiki. Kwa hivyo, anayemzibia mlemavu njia ametenda kosa sawa na anayelizibia lori.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka faini ya Sh10,000 kwa kosa la kuzuia njia. Anayepinga shtaka ana haki ya kujitetea mahakamani. Gari likiharibika, dereva hutakiwa kuliondoa haraka iwezekanavyo.

Je, sheria hii yamhusu mkazi wa Ndalu, soko la eneobunge la Tongaren, kaunti ya Bungoma, jirani na Trans Nzoia? Naam. Katika vituo vya biashara vya mashambani, ukingo wa zege ni nadra. Mara nyingi kinachotenganisha barabara na maduka ni mtaro, na kidaraja kilicho juu yake ndicho mlango. Pikipiki za bodaboda au pikapu zikisimama hapo, anayetumia kiti cha magurudumu hulazimika kushuka barabarani katikati ya matatu na malori ya mahindi. Iwapo kidaraja hicho kinaelekea zahanati, mgonjwa mahututi ndiye atakayelipa gharama ya uzembe wa dereva.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mlemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo. Katiba hiyo pia ilizikabidhi kaunti jukumu la trafiki na maegesho katika maeneo yao. Ni wajibu wa kaunti, basi, kutenga maegesho na kuweka alama zinazoonekana.

Hata hivyo, dereva asingoje kibao. Kabla ya kuzima injini, na ajiulize: ni nani atakayeshindwa kupita nikiliacha gari hapa?