Usimtafsirie baba hesabu ya sigara

Ukianza kazi kwenye maghala ya Wetherill Park, neno la kwanza la Kiaustralia utakalojifunza ni smoko. Ni mapumziko mafupi ya chai, ila jina limetoka kwenye moshi, na hata asiyevuta anaambiwa aende smoko. Wazee wetu wengi walipitia hapo: zamu ya alfajiri, viatu vizito vya kazi, kisha dakika kumi nje ya geti na wenzao. Kama Kiingereza chako bado ni cha kuokoteza, kuwashiana sigara ndo salamu yenyewe. Kuna waliokuja wanavuta tangu nyumbani, na kuna waliojifunzia hapahapa.

Nyumbani sasa ni hadithi nyingine. Baba havuti mbele ya binti yake. Anazunguka nyuma ya gereji, anarudi sebuleni anatafuna pipi ya mnanaa, na sisi sote tunajifanya hatusikii harufu. Hiyo ni heshima, sina ugomvi nayo. Shida inaanza kwa daktari.

Si unajua sisi watoto ndo wakalimani wa familia. Barua za benki, shule, hospitali, zote tunazisoma sisi. Daktari anauliza mzee anavuta ngapi kwa siku. Namgeukia: "Baba, daktari anauliza unavuta sigara ngapi." Anatazama ukuta. "Mwambie moja moja tu, siku za harusi." Utafanyaje? Utamwaibisha baba yako mbele ya mgeni? Unatafsiri alichosema, kinaingia kwenye kompyuta, yameisha.

Zamani jibu hilo lilimnyima mzee mawaidha tu. Tangu tarehe 1 Julai 2025 linaweza kumnyima kipimo. Siku hiyo Australia ilianza mpango wa taifa wa kuchunguza saratani ya mapafu kwa watu wasio na dalili zozote: picha ya CT ya mionzi kidogo, bila malipo kwa mwenye Medicare. Ni kwa wenye miaka 50 hadi 70, wanaovuta bado au walioacha ndani ya miaka 10 iliyopita, na waliovuta kiasi cha pakiti moja ya sigara 20 kila siku kwa miaka 30. Pakiti mbili kwa siku kwa miaka 15 ni hesabu ileile. Sasa piga: mzee anayemaliza pakiti kila siku kwa miaka 30 anaingia. Akisema tatu kwa siku, miaka ni ileile lakini hesabu yake inakuwa pakiti moja kwa miaka minne na nusu. Hakuna daktari atakayemwandikia picha. Na saratani hii ndiyo inayoua watu wengi kuliko saratani nyingine yoyote nchini hapa, kwa sababu mara nyingi inaonekana imechelewa.

(Swali la bia ni hivyohivyo, bana. Anasema "chupa tatu", ila chupa moja ya kawaida ya mililita 375 ni karibu vipimo moja na nusu vya pombe. Kikomo kinachoshauriwa ni vipimo 10 kwa wiki, na visizidi 4 kwa siku moja. Na pombe ikienda pamoja na sigara, koo na mdomo vinaumia kuliko kila kimoja peke yake.)

Kwa hiyo mimi nasema: siku ya swali hilo, toka nje. Unapopanga miadi, omba mkalimani wa TIS, namba 131 450. Daktari hamlipi kitu, wewe pia hulipi. Anatafsiri kwa simu mtu asiyemjua mzee, asiyemwita baba, ambaye hatakutana naye kwenye harusi Jumamosi. Kwa mtu kama huyo mzee anaweza kusema ishirini.

Akitaka kuacha, Quitline ni 13 7848, na huko pia mkalimani anapatikana. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo inashuka kama nusu ya mvutaji. Lakini kama tayari anakohoa damu, anapungua mwili au pumzi inakatika kwenye ngazi, asisubiri mpango wowote wa uchunguzi. Huyo anaenda kwa daktari wiki hiihii.